Kwa Daktari Anayeanza Upasuaji wa Retina: Litafute Tundu Kwanza

Daktari anayeanza kujifunza upasuaji wa retina iliyobanduka, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga ulioachana na ukuta wake, huvutwa mapema na leza na gesi, ilhali kazi yenyewe huanza kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji, pale unapoubonyeza ukuta wa jicho kwa nje huku ukichungulia ndani hadi uione pembezoni yote ya retina. Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, ndiye aliyewathibitishia wenzake katika miaka ya 1920 kwamba maji hupenya kwenye tundu na kuibandua retina, na kwamba tundu lisipozibwa hakuna kupona. Mbanduko ukiwa upande mmoja wa juu, litafute tundu karibu na mpaka wake wa juu kabisa. Kichore ulichokiona, mimi bado ninachora kila jicho.

Tundu likishajulikana, ndipo uchague mbinu. Kijana ambaye ute unaolijaza jicho lake kwa ndani bado umeshikamana na retina mara nyingi hufaidika zaidi na ukanda wa silikoni unaoshonwa juu ya ukuta mweupe wa jicho, nao nawasihi msiuache kwa sababu tu ni wa zamani. Vitrektomia, yaani kuuondoa ute huo kwa vifaa vyembamba, njia aliyoianzisha Robert Machemer huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, humfaa zaidi aliyewekewa lenzi bandia au mwenye mchaniko mkubwa. Makula, sehemu ya katikati ya retina inayoona vitu kwa undani, ikiwa bado haijabanduka, mgonjwa huyo apewe nafasi ya mapema.

Kabla ya kuweka gesi ya kuikandamiza retina irudi mahali pake, muulize mgonjwa anaishi wapi. Gesi ya SF6 hukaa jichoni takribani wiki 2, na ya C3F8 takribani wiki 8, na katika muda huo wote hutanuka mtu apandapo ndege, au hata basi kutoka Dar es Salaam kupanda hadi Iringa kwenye nyanda za juu. Shinikizo la jicho likipanda mno, damu hushindwa kuifikia retina na mtu hupofuka. Mafuta ya silikoni, yanayoweza kuwekwa badala ya gesi, hayatanuki, lakini kwa kawaida yanadai upasuaji wa pili wa kuyatoa, kwa hiyo hakikisha pia kwamba mgonjwa ataweza kurudi. Aliyewekewa gesi mfunge utepe mkononi unaoeleza hivyo, ili akihitaji upasuaji mwingine kokote, mtaalamu wa usingizi asimpe nitrasi oksaidi, gesi ya usingizi ambayo huingia jichoni na kuitanua ile iliyomo.