Asilimia 3 ya watu 20 ni watu wangapi?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Je, ni haki mwajiri kutenga nafasi za kazi kwa makundi maalumu?" Ni haki, ila nafasi itengwe kabla tangazo halijabandikwa. Ikitengwa baada ya usaili, hapo ni kubebana tu kwa jina jipya.

Huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania watu hulibishania jambo hili kana kwamba sheria bado inatungwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi afikishe asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kubagua kwa kabila, mahali mtu alikotoka, jinsi, ujauzito, dini, ulemavu na mengine kadhaa. Kifungu hichohicho kinasema pia kwamba hatua za makusudi za kuleta usawa si ubaguzi. Anayedai mgawo, yaani kutenga nafasi hizo, unavunja sheria ya kazi amesoma nusu ya kifungu. Mara nyingi hoja yake ameiokota Marekani, ambako mwaka 1978 Mahakama ya Juu ilikizuia chuo kimoja cha udaktari cha California kutenga nafasi 16 kati ya 100 kwa waombaji wa jamii za wachache. Hiyo ni kesi yao, kwa katiba yao.

Shida ya kwetu iko kwenye hesabu. Chukua kiwanda cha mbao cha Mafinga chenye watu 20. Asilimia 3 yao ni 0.6. Wakifika 33 inakuwa 0.99, na mtu mmoja kamili hapatikani mpaka wafike 34. Mwajiri asiyetaka atashusha desimali na kusema hadaiwi mtu. Lakini anayetakiwa kufikia 0.6 akiwa na sifuri, hajafika. Lazima apandishe, aajiri mmoja. Kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe ujanja ni mwingine. Tuseme kampuni ina watu 40 wa kudumu na vibarua 300 wa msimu. Ukihesabu wa kudumu peke yao unadaiwa 1.2, yaani wawili. Ukihesabu wote unadaiwa 10.2, yaani 11. Ndiyo maana kampuni inayojisifu kwa mgawo wake iulizwe kwanza imegawanya kwa ngapi.

Kuna na kosa la kuajiri mmojammoja. Kila nafasi inapotangazwa peke yake, asilimia 3 ya nafasi moja haina maana, na kila mkuu wa idara atasema zamu yake bado. Kampuni ya watu 120 inadaiwa 3.6, basi wanne. Kama mwajiri anaye mmoja na anatarajia kuajiri 12 kwa mwaka, apange mapema: mmoja kila mwaka kwa miaka mitatu, na aandike ni nafasi zipi.

Zipi? Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapokwepa. Tangazo la karani wa mizani kwenye kituo cha kupimia majani litadai "afya njema, mwenye nguvu, mchangamfu, umri usiozidi miaka 30". Chambua kazi yenyewe: kusoma mizani, kuandika kilo kwa jina la mchumaji, kutunza kumbukumbu. Anayenyanyua magunia ni mtu mwingine. Kwa hiyo neno "nguvu" limewafukuza waombaji bila sababu, na mwisho wa siku mwajiri atasema wenye ulemavu hawakuomba. Hata mhasibu hudaiwa leseni ya udereva wakati kampuni ina dereva wake.

Kiziwi kwenye mashine ya kupasulia mbao? Watu hushtuka. Lakini msumeno ule unapita desibeli 85 kwa mbali, na kila aliye karibu nao anatakiwa kuziba masikio, kwa hiyo king'ora hakimfai hata anayesikia. Taa inayomulika juu ya mashine na ishara za mikono walizokubaliana zinawalinda wote wawili. Mwenye ualbino, kinyume chake, usimpeleke kuchuma chai kutwa nzima kwenye jua la huku juu. Mweke ndani, kwenye kufungasha au ofisini, na karatasi ya mtihani wake ichapwe kwa herufi kubwa. Kwa mwenye kiti cha magurudumu, kila sentimita 10 za kupanda zinahitaji mteremko wa mita 1.2, kizingiti cha sentimita 15 kinadai mita 1.8. Fundi akikujengea wa mita moja kwa kubana saruji, mvua za Machi zitauonyesha ulivyo.

Sasa usaili, maana malalamiko ndiko yanakoanzia: "Nilipata 73, akachukuliwa wa 71." Weka alama ya kufaulu kwanza, tuseme 60, kabla hujaona jina la mtu, na usiishushe kwa ajili ya yeyote. Ukiishusha umemtukana unayedai kumsaidia, na wenzake kazini watamkumbusha kila siku. Waliovuka 60 wote wanaiweza kazi; kati yao ndipo mgawo uchague. Ile tofauti ya 73 na 71 haina uzito unaodhaniwa. Wape wasaili wawili mtu mmoja na kila mmoja ajaze fomu yake bila kuchungulia ya mwenzake: kwa kawaida watapishana kwa zaidi ya alama mbili. Anayesema aliyefaa zaidi amenyimwa haki anaiamini fomu kuliko inavyostahili.

Baada ya kuajiri, mgawo huharibika kwa njia zinazojulikana. Jina huwekwa kwenye orodha ya mishahara na mwenyewe akaambiwa akae nyumbani. Au aliyekatika kidole kimoja anahesabiwa, hesabu ikafungwa. Au wote wanapelekwa kufagia. Kwa wanawake ni zamu: kiwanda kinatenga nafasi kwenye zamu inayoisha saa nne usiku, hakuna gari la kuwarudisha, choo ni kimoja na hakifungiki. Baada ya miezi mitatu nusu wameacha, na ripoti inaandika kwamba wanawake hawadumu.

Mgawo nisioukubali ni wa kabila. Kenya wameweka dari: taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Wana historia yao. Kwetu ingebidi fomu ianze kuuliza nani Mnyakyusa, nani Msafwa, nani Mhehe, nani Mkinga, na aliyezaliwa na baba Mbena na mama Mnyiha ajaze wapi? Vijiji vinavyopakana na mashamba vinapodai "wazawa kwanza", madai yana msingi, kwa kuwa magari ya kampuni yanapita kwao na kazi zinachukuliwa na watoka mbali. Dawa yake ni tangazo kubandikwa ofisi ya kijiji wiki mbili kabla ya kwingine, na kwa kazi za kibarua kipaumbele kiwe kwa wakazi. Ukazi unathibitishwa kwa barua ya mtendaji wa kijiji, naye anaandika unalala wapi, haandiki babu yako alizikwa wapi.

Msomaji, Mbeya