Sabuni ya bakteria na maji ya ngama

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Tuna mashua ya uvuvi hapa Tanga, yenye mashine ya dizeli ya ndani. Inavuja, mafuta yanachanganyika na maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya mashua. Kabla ya kuyafua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, humwagia sabuni ya unga ili ule utando wa rangirangi usionekane baharini. Kijana wetu anasema wapo bakteria wa baharini wanaotengeneza sabuni inayokula mafuta. Ni kweli? Inauzwa wapi?
Nahodha, Tanga

JIBU: Marahaba, nahodha. Kijana wenu hakukosea sana, ila sabuni haili kitu. Mlaji ni bakteria mwenyewe.

Anayejulikana zaidi ni Alcanivorax borkumensis, aliyepatikana Bahari ya Kaskazini karibu na kisiwa cha Borkum, Ujerumani, na kutangazwa mwaka 1998. Chakula chake ni mafuta, sukari haitaki. Tabu ni kwamba yeye yumo majini na chakula hakichanganyiki na maji. Basi hutengeneza safaktanti, yaani sabuni yake: ncha moja hushika maji, nyingine hushika mafuta. Utando hukatikakatika kuwa vitone vidogo, naye huvizingira na kuvila polepole.

Matumizi yapo. Bakteria mwingine, Acinetobacter wa aina ya RAG-1, aliyetoka ufuko wa Tel Aviv, hutoa emulsani, safaktanti yake. Hiyo imetumika kuosha matangi ya meli za mafuta, lile tope zito la chini likalainika na kuvutika kwa pampu. Kinachokwamisha ni gharama: kumkuza bakteria na kuchuja sabuni yake ni ghali kuliko kutengeneza sabuni ya kiwandani.

Sasa hiyo sabuni yenu ya unga. Rangi inapotea, dizeli haipotei! Imejigawa tu vitone, imeshuka walipo samaki wenu. Mwaka 1967 meli ya mafuta ya Torrey Canyon ilipasuka kwenye miamba karibu na Cornwall, Uingereza. Wakamwaga maelfu ya tani za sabuni kali za viwandani, na viumbe wa miambani wakafa zaidi kwa sabuni kuliko kwa mafuta.

Wala usihangaike kununua bakteria. Walaji wa mafuta wamo baharini tayari. Alaska, Marekani, baada ya ajali ya meli ya mafuta ya Exxon Valdez mwaka 1989, kwenye fukwe nyingi walinyunyiza mbolea, kwa sababu bakteria wa pale walipungukiwa naitrojeni na fosforasi. Nanyi msije mkatia mbolea ngamani. Wale hufanya kazi kwa wiki na miezi, ninyi mnafua kila siku.

Zibeni kwanza panapovuja, mtege karai chini ya mashine. Mafuta yanayoelea yanyonyeni kwa matambara au kipande cha godoro la sponji kabla ya kufua, kisha myakamulie kwenye dumu lenye mfuniko. Dumu hilo lishushwe nchi kavu, lisimwagwe pwani usiku.