Maswali na Majibu: Kaseti Kwanza, Kompyuta Baadaye

Barua nyingi za safari hii zinahusu kaseti za zamani ambazo wasomaji wanataka kuziingiza kwenye kompyuta na kuzisafisha. Nimechagua chache.

Programu ipi ni bora kuliko zote kwa kuondoa kelele? (Wasomaji kadhaa, Tanga na Muheza)

Swali hili huja kila mara, na kila mara mwulizaji husahau kusema ni kelele gani. Mlio wa "shhh" wa mkanda, mvumo wa umeme, mikwaruzo ya santuri na upepo uliopiga maikrofoni ni maradhi tofauti, na kila moja lina dawa yake. Audacity, ambayo ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2000, inamtosha mwenye kaseti za nyumbani. iZotope RX ni ya kulipia na ina uwezo zaidi, lakini anayeinunua kabla ya kusafisha kichwa cha redio kaseti yake, yaani kile kipande kinachogusa mkanda na kuusoma, ametupa fedha.

Nina kaseti ya maulidi ambamo marehemu babu anasoma. Nimepunguza kelele mpaka mwisho. "Shhh" imetoweka, lakini babu anasikika kama anasomea ndani ya pipa la maji. Nifanyeje? (Msomaji wa Makorora)

Rudi kwenye faili la mwanzo, ikiwa hukuliandikia juu yake. Programu hizi huigawa sauti katika vipande vyembamba vya masafa, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, kisha hunyamazisha kila kipande kilicho chini ya kiwango cha kelele uliyoionyesha. Ukikaza mno, vipande vya sauti ya babu navyo vinazimwa na kuwashwa ovyo, na hapo ndipo unapozaliwa ule mlio wa majimaji. Chagua sehemu yenye "shhh" tupu, kabla msomaji hajafungua kinywa, iwe ndiyo sampuli, kisha punguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hadi 12 tu. Kelele itabaki kidogo, na ibaki. Sikio huizoea baada ya muda mfupi, lakini halizoei sauti iliyochunwa.

Hata hivyo, nashuku kwamba kosa lilianza kabla ya kompyuta. Safisha kichwa cha kusomea kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, acha kikauke, kisha cheza kaseti huku ukizungusha taratibu, kwa bisibisi ndogo, skrubu iliyo ubavuni mwa kichwa hicho, mpaka herufi "s" na "sh" zisikike kwa ukali wake wote. Kichwa kilichopinda hata kidogo hakisomi vizuri sauti nyembamba, na sauti ambayo haikusomwa haitarudishwa na programu yoyote. Ukiona ukungu mweupe kwenye mkanda, jambo la kawaida katika unyevu wa pwani yetu, usiicheze kabisa kabla haijasafishwa, kwa sababu ukungu huo utahamia kwenye mashine na kaseti zitakazofuata.

Rekodi yangu ina mvumo mzito chini ya sauti. Niufute vipi? (Msomaji wa Chumbageni)

Simamisha mkanda kwanza. Mvumo ukiendelea, unatoka kwenye nyaya zako, na tiba ni kubadilisha plagi au waya, si programu. Ukikoma, umo ndani ya kaseti, nao ni hazina kabla ya kuwa uchafu: umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, na mvumo hutokana nao, kwa hiyo ukiupima mvumo huo na kukuta 53, kaseti inakimbia kwa asilimia 6, karibu nusu toni, na waimbaji wote wamepandishwa sauti bila kujua. Rekebisha mwendo, kisha ndipo uondoe hezi 50 na marudufu yake, 100 na 150, kwa vichujio vyembamba, vinavyogusa masafa hayo tu. Vichujio vipana vitaondoka na besi ya muziki.

Nikigeuza MP3 (faili la sauti lililobanwa) niliyotumiwa kwa simu kuwa WAV (lisilobanwa), ubora utarudi?

Hapana. Faili litakuwa kubwa, basi.

Je, programu za akili bandia zinaweza kumtenga mwimbaji na ala katika taarab ya zamani? (Msomaji wa Ngamiani)

Zinaweza kwa kiasi. Spleeter, iliyotolewa na kampuni ya muziki ya Deezer mwaka 2019, hutenga sauti ya mwimbaji, ngoma, besi na "vinginevyo", mgawanyo uliotungwa kwa muziki wa pop. Katika taarab ya Tanga ya zama za vikundi vya Black Star na Lucky Star, gitaa na kinanda vitarundikwa pamoja humo kwenye "vinginevyo", na mabaki ya mwimbaji yatavifuata. Kwa kujifunzia wimbo, sawa. Kwa kuuza "toleo jipya", hapana, na wimbo huo una wenyewe. Tena, msipandishe kanda za familia kwenye tovuti msizozijua kwa kuwa tu zinasafisha bure.

Nikishahamisha, nitupe kaseti?

Usitupe. Izungushe mpaka mwisho wa upande mmoja, iweke wima ndani ya kasha lake, mbali na spika na ukuta wenye unyevu. Faili ambalo hujaligusa, la kilohezi 96 na biti 24 (vipimo vya ubora wa rekodi) ikiwezekana, liweke katika diski mbili, na moja ikae nyumba nyingine.