Jibu: Sufu mbichi, bustani mpya na baridi inakaribia, nianze na lipi?

Mleta mada, kwa maelezo yako umehamia kijijini kwenye nchi ya baridi, majani ya miti yameanza kupukutika, una magunia mawili ya sufu mbichi kutoka kwa mfugaji, kipande cha ardhi kilichojaa nyasi, na unataka kujifunza kusokota, kutia rangi na kulima kwa pamoja. Umeuliza uanze na lipi.

Jalidi ya kwanza, yaani ule umande unaoganda usiku wa baridi kali, ndiyo ikupangie kazi. Maua ya kutia rangi yakishapigwa na jalidi yamekwisha. Kuosha sufu kunahitaji siku kavu na upepo wa kukaushia, na kila wiki inayopita vinapungua. Vitunguu saumu vinataka udongo uliopoa ila haujaganda. Kusokota hakuna haraka hata kidogo, ni kazi ya ndani wakati nje kumeganda, kwa hiyo usiipe siku yoyote ya jua kwa sasa.

Kabla ya kuosha chochote, ichambue sufu. Muulize mfugaji kondoo waliogeshwa dawa ya wadudu lini. Kama ni karibuni, iweke kando kwanza. Vaa glovu, itandaze juu ya turubai, toa sehemu za tumboni, miguuni na nyuma penye vinyesi vilivyoganda. Kisha pima nguvu yake: chukua kishungi chenye unene wa penseli, shika ncha zote mbili, kivute ghafla karibu na sikio. Kikilia mara moja kwa sauti safi, kiko sawa. Ukisikia mlio wa kukatikakatika, au kikikatika mahali pamoja, kondoo aliugua au alikosa chakula sufu ilipokuwa inakua. Hiyo itakukatikia kwenye chanuo na kujaa vinundu kwenye uzi. Ipeleke bustanini bila huruma. Wengi huosha kwanza ndipo wagundue, na hapo maji, sabuni na siku nzima vimeshapotea.

Iliyopona ilowekwe kwenye maji baridi bila sabuni usiku kucha. Maji hayo hutoka ya kahawia, yana chumvi za jasho la kondoo zenye potasiamu nyingi. Yamwage kwenye lundo la mboji.

Kuosha kwenyewe, fanya gramu 500 kwa mara, ndani ya mfuko wa wavu. Ndoo ya lita 20, maji ya nyuzi joto 60 hadi 65 za Selsiasi, vijiko vikubwa 3 au 4 vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Sabuni itangulie, sufu ifuate, na izamishe kwa kuikandamiza taratibu. Iache dakika 20, usizidishe: maji yakipoa, mafuta ya sufu yaliyokwisha kuyeyuka huganda tena juu ya nyuzi, na safari hii yanakuwa ya kunata na magumu kutoa kuliko mwanzo. Rudia kwa sabuni nusu, kisha suuza mara mbili au tatu kwa maji ya moto unaokaribiana na ule. Usikoroge, usisugue, usifungulie bomba juu yake, na usiitoe kwenye maji ya moto ukaitumbukiza kwenye baridi. Kila unywele una magamba madogo. Joto, maji na msuguano vikikutana, magamba yanashikana na sufu inagandamana kuwa blanketi ambalo hakuna chanuo litalifungua. Zungusha mfuko hewani kukamua maji, kisha anika kwenye wavu, kivulini penye upepo, ukigeuza kila siku. Usishangae uzito ukipungua kwa theluthi moja hadi nusu; ilikuwa mafuta, jasho na vumbi.

Rangi. Chuma maua ya marigoldi sasa, yakiwa makavu bila umande, uyakaushe au uyagandishe kwenye friza. Maganda ya vitunguu maji yanaweza kungoja, na ndiyo ninayompendekezea anayeanza, kwa sababu hayana ugomvi. Kwa gramu 100 za sufu kavu iliyooshwa unahitaji gramu 12 za shabu, ambayo ndiyo inayoshikisha rangi kwenye sufu, na gramu 50 hadi 100 za maganda. Lowesha sufu saa moja au zaidi, maana ikiingia kavu itatoka na mabaka. Yeyusha shabu kwenye maji ya moto, ongeza maji hadi sufu iogelee kwa nafasi, ingiza sufu, pandisha joto polepole kwa muda wa saa nzima hadi nyuzi 80 au 85, lishikilie saa moja, kisha acha vipoe humo humo mpaka kesho. Kwenye sufuria nyingine chemsha maganda saa moja, chuja vizuri, ngoja yapoe, weka sufu, pandisha joto kama mwanzo. Utapata kuanzia njano ya dhahabu hadi rangi ya chungwa iliyokolea. Sufuria hizo zisirudi tena kwenye chakula, na maji ya shabu yasimwagwe kwenye matuta ya mboga.

Kama kuna mti wa mjozi (walnut) karibu, okota maganda yake ya nje yangali mabichi na uvae glovu, maana mikono itabaki kahawia siku nyingi. Hayo hayahitaji shabu kabisa. Ila yale ya mjozi mweusi (Juglans nigra) yana jugloni, kemikali inayodhoofisha nyanya, hivyo makapi yake yasiingie kwenye mboji ya bustani.

Sasa ardhi. Usijaribu kulima kipande chote. Katua tuta moja la mita 1.2 kwa 2.5, ng'oa nyasi na mizizi yake, changanya mboji iliyoiva ndoo mbili tatu. Samadi mbichi hapana. Sehemu iliyobaki ifunike kwa maboksi ya katoni yaliyobanduliwa utepe wa plastiki wenye gundi, yapandane sentimita 15, yaloweshe, mwaga juu yake mboji na majani ya kutosha. Msimu wa kupanda ukifika nyasi nyingi zitakuwa zimekufa zenyewe.

Kwenye tuta panda vitunguu saumu wiki 3 hadi 6 kabla ardhi haijaganda. Mistari mitano, sentimita 25 kati yake, punje kila sentimita 15: ni punje kama 80, yaani vichwa kumi vyenye punje nane nane. Vunja vichwa siku ya kupanda, usimenye, chagua punje kubwa, ncha ielekee juu, na juu yake uwe udongo wa sentimita 5. Baridi ndiyo inayofanya kichwa kigawanyike. Bila wiki kadhaa za baridi utavuna kitunguu kimoja cha mviringo kisicho na punje. Ukiwahi mno, majani yanarefuka na kuunguzwa na jalidi. Ukichelewa, punje haina mizizi, na ardhi ikiganda na kuyeyuka inaisukuma juu. Penye maji yanayotuama usipande kabisa, zitaoza.

Hapa ndipo ile sufu mbovu inapata kazi. Ina naitrojeni nyingi, takriban asilimia 10, lakini inaachilia taratibu sana. Ikate vipande vya sentimita 5, kwa sababu virefu hujizungusha kwenye meno ya reki na miguu ya ndege. Iloweshe mpaka inywe maji kweli, tandaza unene wa sentimita 2 tu kati ya mistari, kisha funika tuta lote kwa majani makavu au nyasi kavu sentimita 10. Ukirundika nene na kavu, mafuta yake yanazuia mvua isishuke chini. Na wale wanaosema inafukuza konokono, msiwasikilize sana: jaribio la Royal Horticultural Society, chama cha bustani cha Uingereza, mwaka 2018 kwenye saladi halikuona tofauti kati ya mimea iliyozungushiwa vidonge vya sufu na isiyozungushiwa kitu.

Sufu safi ikikauka kabisa, itie kwenye mifuko ya kitambaa kizito, funga mdomo, na uifungue kila mwezi kuitazama. Ukiona utando au chembechembe kama mchanga, ni viwavi wa nondo. Ifunge kwenye plastiki, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha ikung'ute nje kabla ya kuirudisha.