Mpenda Msitu Aliyemla Mnyama wa Msitu

SWALI: Mwalimu, hujambo? Kikundi chetu cha kusoma hapa Kondele kimemaliza Walden, kitabu cha Mmarekani Henry David Thoreau kilichotoka 1854, anamosimulia alivyoishi peke yake katika kibanda alichojijengea msituni. Tumegawanyika. Wenzangu wanasema msimulizi ni mnafiki: anasifu upweke na huku anapokea wageni, anahimiza maisha sahili na huku anaenda kula kwa watu mjini. Mtu anayejipinga hivi ataaminikaje? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Sijambo, dada. Mnafiki huficha, ilhali hayo yote tunayajua kwa kuwa Thoreau mwenyewe ameyaandika. Rudini kwenye hesabu zake. Baada ya kutaja gharama ya kibanda, dola 28 na senti 12 na nusu, anasema kwamba nguo zilifuliwa na kushonwa nje ya nyumba, na bili bado hazijaletwa. Kula kwa watu pia amekiri. Mtu wa kutudanganya angeyaacha nje.

Mimi nimezaliwa Shinyalu, kando ya msitu wa Kakamega, na pengine ndiyo sababu ukinzani wake haunishtui. Kwetu msitu unapendwa kwa dhati: ndiko mvua inakotoka, ndiko kuni na dawa. Lakini kima wakishuka kwenye mahindi, mama yangu alikuwa wa kwanza kuokota mawe, na jioni ileile angemkaripia yeyote anayekata mti mbichi. Anayeishi na msitu hugombana nao.

Sasa tazameni shamba la maharagwe la Thoreau. Anajiuliza ana haki gani ya kung'oa magugu yaliyokuwa pale kabla yake, kisha anaendelea kulima. Kuna mnyama wa kwao wa jamii ya kindi, anayechimba mashimo, aliyemharibia maharagwe; Thoreau alimuua akamla. Baadaye, katika sura ya sheria za juu za maisha, anaanza kwa kueleza jinsi alivyomwona mnyama wa aina hiyo gizani akatamani kumkamata amle mbichi. Sura hiyohiyo inaendelea kusema kwamba binadamu, kadiri anavyostaarabika, ataacha kula wanyama. Hajaribu kuzipatanisha nafsi hizo mbili. Anasema waziwazi kwamba anaipenda ile ya porini sawa na ile njema. Kwangu mimi hapo ndipo anapoaminika zaidi. Nikisoma mtu anayeipenda mimea na wanyama bila hata siku moja ya ugomvi, nashuku kwamba anawatazama kupitia dirisha la gari.

Hata hivyo kuna mahali nakubaliana na wenzako kabisa. Mvua inampeleka kwenye nyumba ya kibarua mmoja Muairishi, fukara, mwenye mke na watoto, naye anaanza kumfundisha: acha chai, acha kahawa, acha siagi na nyama, hutahitaji kufanya kazi ngumu hivyo. Thoreau hakuwa na mke wala mtoto. Kiwanja cha kibanda kilikuwa cha rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, na Septemba 1847, baada ya miaka miwili na miezi miwili, aliondoka kwa hiari yake. Kibarua yule hakuwa na pa kuondokea. Ufukara wa kuchagua na ule wa kuzaliwa nao ni vitu viwili, na katika kurasa zile msimulizi hauoni umbali uliopo kati yao. Ukinzani huu haunifurahishi kwa sababu anayeubeba ni mtu mwingine.

Kwa hiyo msipige kura ya kumwamini au kutomwamini kwa jumla. Katika kikao kijacho, mmoja asome kwa sauti sura ya upweke na mwingine ile inayoifuata mara moja, ya wageni, ambamo anasema anapenda watu kama wengi wanavyowapenda. Kisha someni ile ya kibarua, na mumpe nafasi ya kusema kwanza yeyote kati yenu mwenye watoto wa kulisha. Niandikieni mlichosikia.