Kabla hujaipeleka foronya ya nyanya kwa fundi

Pembeni mwa foronya ile nyanya alidarizi "Usiku Mwema" kwa uzi mwekundu, na ua moja kila upande. Alikuwa msichana, yuko Kibokoni, hapa Mombasa, anatayarisha vitu vya harusi yake. Niliikuta sandukuni baada ya arubaini yake, imechanika katikati na ina madoa ya kutu. Nikaipeleka kwa fundi wa cherehani atie kiraka. Alikitia vizuri, kitambaa kipya, kazi ya dakika kumi. Nilipoifua mara ya pili kiraka kilibaki kizima, foronya ndiyo iliyoachana nacho pande zote nne.

Fundi hana kosa, alifanya nilichomwambia. Halati yangu, ambaye ameshona kofia za viua tangu hajaolewa, aliitazama akacheka kidogo. "Umeipiga cherehani? Basi mwanangu, ushaikata."

Maana yake niliielewa baadaye. Pamba iliyofuliwa miaka na miaka imekwisha nguvu. Kitambaa kipya kikiingia maji hunywea, kikaivuta. Uzi wa polista nao ni mgumu kuliko nguo yenyewe, kwa hiyo kila ukivutika huikeketa. Juu ya hayo cherehani hutoboa matundu yaliyopangana mstari mmoja, na nguo dhaifu hupasuka papo hapo.

Kiraka kitoke kwa nguo mzee mwenzake. Mimi nilikata badani ya kanzu kuukuu ya babu, laini kama foronya yenyewe. Kiweke kwa ndani, kizidi tundu kwa vidole viwili kila upande, ukipige bandi kwanza, mishono mirefu ya muda, kisitembee. Kisha tililia kwa mkono, mishono midogo, safu baada ya safu, na safu zisiishie mahali pamoja: moja ndefu, inayofuata fupi. Hapo mvuto hugawanyika. Uzi wa kudarizi wa pamba huwa na nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Chomoa mmoja tu. Maduka ya Biashara Street yanao, ila nenda na nguo yako ulinganishe rangi nje ya duka, kwenye mwanga wa jua. Mimi nilikwenda na picha ya simu nikarudi na wekundu wa bendera.

Lakini kabla ya sindano, maji. Nguo chafu usiishone. Lowesha pamba nyeupe, ikandamize juu ya uzi wa rangi kwa dakika moja. Ikitoka na rangi, usiiloweke nguo hiyo kabisa. Ikitoka safi, endelea, lakini si kwa maji ya kisima. Visima vyetu vingi hapa mjini vina chumvi. Nunua mitungi miwili ya maji matamu kwa mwenye mkokoteni. Nguo iliyochanika izungushie kipande cha chandarua kikuukuu, ndipo uitose. Ukiinua, unainua chandarua, kwa sababu pamba iliyojaa maji inaweza kuchanika kwa uzito wake yenyewe. Usiikamue. Itandaze juu ya taulo.

Doa la kutu tumelelewa kulitoa kwa ndimu na chumvi, na kweli hutoka, asidi ya ndimu huyeyusha kutu. Tatizo ni kuiacha ikakauka juani ukaenda zako kupika: kilichotoa kutu huanza kula pamba. Dakika chache, suuza, tazama, rudia. Dawa za klorini za kung'arishia nguo nyeupe wekeni mbali. Hazitoi kutu, huikoleza, na pamba huiacha hoi.

Kukata ni jambo jingine, na hapa nilikosana na binamu zangu. Walitaka kitambaa cha meza cha nyanya tukigawane vipande vinne, kila mtu akatie fremu chake. Nilikataa. Kizima kinakaa kwa mmoja mwaka huu, mwakani kwa mwingine. Kata tu kile ambacho kimekufa katikati na kimebaki hai pembeni. Shuka moja ilikuwa hivyo, katikati unaona mkono ukiupitisha nyuma, lakini upindo uliodariziwa uko imara. Huo niliukata nikauzungushia shuka ya mtoto, kwa mkono.

Ukitia fremu, usitumie gundi. Shikiza kwa uzi juu ya bafta iliyofuliwa, kile kitambaa chepesi cheupe cha pamba, na acha nafasi kati ya nguo na kioo. Kwa unyevu wa Mombasa, kinachogusa kioo hushika kuvu. Ukuta unaopigwa na jua usiutumie.

Zisizotumika zizungushe, usizikunje, maana nguo za zamani hukatika penye mkunjo. Zifunge kwa bafta, si mfuko wa plastiki, na usiache pini hata moja ndani. Madoa yangu ya kutu yalitokana na pini mbili zilizosahauliwa humo. Masika yakiisha, fungua sanduku uzianike kivulini penye upepo.

Kofia ya babu bado sijaigusa. Viua vitatu vimefumuka. Halati ameniambia nimpelekee Ijumaa, na nije na subana yangu, kile kikofia cha kidole cha kushonea, yake hamwazimi mtu.