Lafudhi yako imetoka lugha ipi?

Mwalimu, mimi ni Mkamba. Nikisema naenda kupiga kura, wenzangu wanasikia "kula" na kuangua kicheko. Nifanyeje?

Kikamba hakina r, kwa hiyo sikio lako lilikua bila haja ya kuitenga na l. Jirani yako Mkikuyu ana kinyume chake: r anayo, l hana. Anza na sikio kabla ya ulimi. Mtu akusomee fahali na fahari, kula na kura, kwa kuchanganya, nawe utaje amesema lipi. Na kicheko hicho kinaniudhi, maana kinawanyamazisha watu wenye hoja.

Mimi ni Mrundi. Nilisoma kwa Kifaransa, Kiingereza nimekianza ukubwani. Wenzangu hapa Nairobi wanasema nakizungumza kama Mfaransa. Mbona si kama Mrundi?

Wengi hudhani ni lugha ya mama tu inayoingilia. Sivyo. Chukua h. Kirundi kinayo: amahoro, umuhungu. Kama Kirundi ndicho kingekuongoza, "hotel" ya Kiingereza ungeitamka na h yake bila taabu. Ukiimeza, hicho ni Kifaransa, ambacho huiandika bila kuitamka. Angalia na mkazo: katika "hospital" Mwingereza hukaza mwanzoni, Mfaransa hukaza mwishoni mwa "hôpital". Lugha hizo mbili zina maneno mengi yanayofanana, na zote hukuzipata kwenye titi la mama, kwa hiyo ukitafuta neno la Kiingereza, la Kifaransa hutangulia kujitokeza. Jirekodi kwa simu ukisoma aya moja, kisha usikilize h na mkazo tu. Mengine yasubiri.

Nimeishi Uingereza miaka mingi. Nikirudi Tanga naambiwa Kiswahili changu kina maringo. Kwani lafudhi ya kwanza hubadilika?

Hubadilika, na si maringo. Waingereza hutoa p, t na k za mwanzo wa neno kwa pumzi, na pumzi hiyo huhamia kwenye Kiswahili chako polepole. Ukikaa na watu wa nyumbani, mara nyingi hupungua.

Baba watoto amekataza tusimsemeshe mtoto Kichaga, eti kitamharibia Kiingereza. Ana miaka mitatu.

Tafadhali msiache! Mtoto wa umri huo hufuata lafudhi ya wale anaocheza nao na wanaomsemesha kila siku. Akikisikia Kiingereza kizuri mapema, atakishika, Kichaga kikiwepo au kisiwepo. Mkimnyima Kichaga, mtamtenga na bibi yake bila kumwongezea Kiingereza chochote. Baba amsemeshe Kiingereza akitaka. Wewe na bibi endeleeni na Kichaga.